Mkebe wa Kwanza Ulikuwa wa Mamake: Maisha ya Gedion Kimutai Kigen

15 Agosti 1972 – 7 Novemba 2025

Gedion Kimutai Kigen alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 15 Agosti 1972, katika kijiji cha Kapsoiyo, juu kidogo ya mji wa Molo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Kigen arap Tuwei na Mama Rael Jeruto, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi leo. Jina Kimutai alipewa kwa ajili ya saa aliyozaliwa. Mamake husema alikuja wakati wa kukamua, na ng'ombe wakalia mpaka jirani akaingia zizini kuwakamua bila kuitwa. Nyumbani aliitwa Kimutai maisha yake yote. Kazini aliitwa Kigen. Mkewe na marafiki zake walimwita Gedion, na ndivyo atakavyoitwa hapa.

Alilelewa katika imani, akabatizwa katika kanisa la Kapsoiyo, na tangu utotoni alikuwa na pua ambayo ilimletea taabu. Akiwa mdogo alitembelea jirani pamoja na babake, akapewa kikombe cha maziwa, akakinusa kwanza mbele ya wenyeji. Walipofika nyumbani Mzee Kigen alimkalisha chini. "Mgeni hanusi kikombe," alimwambia. "Mgeni hunywa." Gedion alijitahidi kuwa mgeni mwema tangu siku hiyo, na wale mliowahi kumkaribisha chai mnajua kwamba hakufaulu sana.

Alianza masomo katika Shule ya Msingi ya Kapsoiyo mwaka 1979 na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986. Masomo ya upili aliyafanyia katika shule ya bweni huko Elburgon, akamaliza mwaka 1990. Alikaa nyumbani akingoja nafasi ya chuo, akikamua na kuchimba viazi na ndugu zake, kisha mwaka 1992 akajiunga na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Alihitimu mwaka 1996 na shahada ya sayansi na teknolojia ya maziwa. Wazee wa kijiji walimuuliza babake kama ni kweli mtoto amepelekwa chuo kikuu kusomea maziwa, kitu ambacho kila mtu hapa alizaliwa akikijua. Mzee Kigen aliwajibu, "Hata kuomba mlizaliwa mkikujua, na bado kuna chuo cha wachungaji."

Tarehe 2 Februari 1998 Gedion aliajiriwa katika maabara ya Kiwanda cha Maziwa cha Bonde Jipya, eneo la viwanda, Nakuru. Ndicho kiwanda pekee alichowahi kukifanyia kazi.

Mkewe, Linah Nasimiyu, alikutana naye mwaka 1997, kabla hajapata kazi hiyo, katika kongamano la sayansi la shule za upili mjini Nakuru. Yeye alikuwa mwalimu wa kemia aliyeleta wanafunzi wake na mradi wao wa kupima maziwa. Gedion alikuwa ameombwa kuwa mmoja wa waamuzi, akawanyima alama. Mwalimu alimfuata na kumtaka aeleze. "Majibu yenu ni sahihi kabisa," Gedion alimwambia, "lakini chupa hazikuoshwa vizuri. Mmepima chupa." Mwalimu alimjibu kwamba shule yake haina maji ya bomba, na kama mwamuzi anajua kuosha chupa kwa hewa, na afike aonyeshe. Juma lililofuata Gedion alifika shuleni amebeba katoni ya chupa safi na mtungi wa maji. Barua yake ya kwanza kwa mwalimu yule ilikuwa maelezo ya jinsi ya kuosha chupa, na bado ipo.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1999, mjini Nakuru. Linah ni binti wa fundi wa reli aliyetoka magharibi mwa nchi na kulea watoto wake katika nyumba za reli za Nakuru, na wapo waliouliza, pande zote mbili, kama ndoa hiyo ingedumu. Ilidumu karibu miaka ishirini na sita, katika nyakati ambazo kudumu hakukuwa rahisi kwa nyumba kama yao. Mungu aliwabariki na watoto watatu: Zeddy Cheruto, Elkana Kigen na Milcah Jepkemei. Mzee Kigen alimpokea Linah kwa maneno machache, akimwambia kwamba mwanamke aliyebishana na Kimutai juu ya chupa atamfaa.

Sasa familia ingependa kulieleza jambo moja kwa ukamilifu, kwa sababu limesimuliwa mara nyingi na si mara zote vizuri. Ni habari za mwaka 2011, wakati Gedion aliporudisha maziwa ya mamake mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Wapo waliosema alifanya hivyo kwa kiburi cha elimu. Wengine walisema alitaka kuwafurahisha wakubwa wake. Ukweli ni huu.

Gedion alipoingia kiwandani, maziwa yalipimwa langoni. Lori la tangi lilishuka kutoka Molo likiwa na maziwa ya mamia ya nyumba, yamechanganywa yote. Mpimaji alichota kidogo, akanusa, akatumbukiza laktomita kuona kama yametiwa maji, na kidogo hicho kikikataliwa, yote yalikataliwa. Dereva aligeuza lori. Aliyekamua kwa mikono safi na aliyeongeza maji ya mtoni walipoteza pamoja, na hakuna kati yao aliyeambiwa sababu. Mwezi uliofuata mambo yalikuwa yale yale. Gedion hakuupenda utaratibu huo tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisema kwamba langoni umeshachelewa: ubora ama umekuja ndani ya lori, ama umebaki Molo. Mwaka 2009 alipofanywa mkuu wa udhibiti wa ubora aliomba ruhusa ya kuhamishia upimaji kwenye vituo vya vijijini, ambako wakulima huleta mikebe yao asubuhi. Aliambiwa ni gharama na ni usumbufu.

Mwezi wa Mei 2011 maduka yalianza kurudisha yogati. Wateja walilalamika kwamba yogati ya stroberi inanuka moshi wa jikoni. Vichujio vya kiwandani vilipofunguliwa vilikuwa na vumbi jeusi. Maziwa yenye shida hiyo yalikuwa ya njia moja tu, njia ya Molo, na kwenye njia hiyo muuzaji mkubwa alikuwa Ushirika wa Wafugaji wa Kapsoiyo.

Meneja wa kiwanda wakati huo, Bwana Obura, hakuwa mtu mbaya, na yumo katika ibada hii leo. Aliita mkutano na kusema kwamba ataifunga njia ya Molo. Kulikuwa na shamba kubwa upande wa Naivasha lililokuwa tayari kuleta maziwa yote yaliyohitajika, mwenye mali mmoja, mkataba mmoja. Kwa Kapsoiyo hiyo ingekuwa hukumu, kwa maana hapakuwa na mnunuzi mwingine wa kuaminika, na karo za nyumba nyingi zilitoka katika mikebe ile. Kisha mtu mmoja, ambaye familia haitamtaja, akasema kwamba mkuu wa ubora ameijua shida hii muda mrefu na anawaficha watu wake. Mwaka ule majeraha ya mapigano ya kikabila ya Molo yalikuwa bado mabichi, na hakuna aliyetamka maneno "watu wake" bila kujua uzito wake.

Gedion alisimama. "Nipe wiki moja," alimwambia Bwana Obura. "Nikirudi bila jibu, funga njia ya Molo, na utafute mkuu mwingine wa ubora siku hiyo hiyo."

"Na ukirudi na jibu la kuwatetea?" Bwana Obura aliuliza.

"Jibu halitetei mtu. Likitetea, si jibu."

Alipofika nyumbani jioni hiyo alimwambia mkewe kwamba ameijua harufu ile mara tu alipofungua chupa ya sampuli. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu angeijua. Mursik yetu, yaani maziwa ya mgando, hugandishwa ndani ya sotet, kibuyu ambacho mama husugua ndani yake kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mkaa huo ndio unaoyapa maziwa rangi ya kijivu na ule utamu wa moshi, na kibuyu kisichotiwa mkaa ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini hakuna anayepeleka mursik kwenye ushirika. Maziwa ya ushirika hutoka kwa ng'ombe hadi kwenye mkebe wa alumini, na kutoka mkebe hadi kwenye tangi. Moshi ulikuwa umeingilia wapi? Na nani aliuingiza?

Asubuhi iliyofuata alipanda kwenda Kapsoiyo pamoja na Trizah, aliyekuwa msaidizi wake maabarani. Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Kiplangat, aliwapa meza mbele ya kituo. Ilikuwa baridi ya Molo, ukungu umekaa barabarani, na wanawake walikuwa wamepanga mikebe yao kama kawaida. Gedion aliwasalimia, akaeleza kwamba leo kila mkebe utafunguliwa peke yake na kunuswa kabla ya kumiminwa.

"Wewe kijana wa Jeruto," mama mmoja alimwita kutoka nyuma, "siku hizi watu wanalipwa kunusa maziwa? Sisi tulidhani hiyo ni kazi ya paka."

"Paka akinusa anakunywa, mama. Mimi narudisha kifuniko."

"Basi paka ana akili kuliko wewe!"

Walicheka wote. Mwingine aliuliza kama hiyo ndiyo elimu iliyomweka Njoro miaka yote ile, na kama kuna shahada ya macho na ya masikio pia. Gedion alicheka nao.

Mkebe wa kwanza katika foleni ulikuwa wa Mama Jeruto. Alikuwa wa kwanza kila siku. Hakuna aliyekumbuka asubuhi ambayo alitanguliwa. Mkebe wake uling'aa kuliko yote. Gedion aliuinua mfuniko, akainama, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa maziwa. Kisha akarudisha mfuniko.

"Mama, haya siyachukui."

"Unasema?"

"Siyachukui, Mama."

"Hunichukulii mimi, Kimutai?"

"Si wewe. Maziwa."

"Mkebe umeoshwa. Angalia. Unaweza ukajiona ndani."

"Naona. Ni msafi kuliko yote hapa. Lakini umetia senetwet."

Mama Jeruto aliweka mikono kiunoni. "Sasa nisitie? Mwaka jana wakati wa mvua si maziwa yalichacha hapa mpaka lori likayaacha? Nikawaambia hawa, mkebe hauna mkaa, mnategemea nini? Na wewe ulikunywa nini ukiwa mdogo? Huo mkaa ndio ulikupitisha mtihani."

"Ulinipitisha, Mama. Lakini ulikuwa kwenye kibuyu. Haya yanaenda Nakuru kutengeneza yogati ya stroberi. Stroberi na moshi haviingiani."

"Basi mwambie huyo Stroberi atafute ng'ombe wake!"

Kituo kizima kilicheka, isipokuwa wawili. Gedion aliandika kwa chaki juu ya mkebe, akamwambia mamake kwa sauti ya chini kwamba hawezi kuufungua mwingine wowote kabla ya kuurudisha huu. Mama Jeruto alimtazama. Aliubeba mkebe wake, akapita katikati ya wanawake wenzake, akarudi nyumbani nao. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Ndipo jambo likatokea ambalo Gedion alilisimulia mara nyingi kwa wanafunzi wake baadaye. Mama aliyemtania kuhusu paka alifungua mkebe wake mwenyewe kabla hajaitwa. "Kama amerudisha ya mamake," alisema, "yangu ni nini?" Akanusa. Akafunika. "Yangu pia." Mmoja baada ya mwingine, walijipima wenyewe. Kufikia wakati lori la tangi lilipowasili, ilikuwa wazi kwamba maziwa yenye moshi hayakutoka kwa wavivu wala kwa wadanganyifu. Yalitoka kwa wanawake waliokuwa waangalifu kuliko wote, waliousikiliza ushauri wa Mama Jeruto na kuupatia mkebe wa alumini heshima ile ile ya kibuyu. Wale wasiojali waliosha kwa maji baridi na kuondoka; maziwa yao hayakuwa na moshi hata kidogo. Kiwanda kilikuwa kikitafuta mwizi. Kilichokuwapo ni usafi wa kibuyu uliopelekwa kwenye mkebe.

Siku iliyofuata Gedion alisimama tena mbele ya Bwana Obura na wakuu wa idara. Alieleza kuhusu mkaa, kuhusu mvua ya mwaka uliotangulia, na kwamba hakuna hata nyumba moja ya Kapsoiyo ambayo, mpaka jana, ilikuwa imewahi kuambiwa na kiwanda kwa nini maziwa yake yamerudishwa. Kisha akasema, "Mkebe wa kwanza niliorudisha ulikuwa wa mamangu. Na ni yeye aliyewafundisha wengine."

"Kigen," Bwana Obura alisema, "hilo hukuhitaji kutuambia."

"Nilihitaji. Nisingelisema hilo, mengine yote msingeyaamini."

Hakuna aliyesema tena maneno "watu wake" katika kiwanda kile, si siku ile wala baadaye. Bwana Obura aliahirisha kuifunga njia ya Molo na kumpa Gedion kile alichokuwa ameomba tangu mwaka 2009. Kwa hiyo wanaosema kwamba alimdhalilisha mamake hawajui walisemalo. Alimtaja ili kijiji chake kisifutwe, naye mamake alilielewa hilo kabla ya watu wengi waliosoma.

Alilielewa, lakini hakulisamehe upesi. Aliacha kuleta maziwa. Gedion alipopanda Kapsoiyo alipewa chai ya rangi, bila maelezo. Alikunywa, na hakuinusa. Baada ya mwezi hivi, asubuhi moja, Mama Jeruto alitokea tena mbele ya foleni. Alikuwa ameosha mkebe kwa maji ya moto na sabuni, akaupindua juu ya kichanja cha mbao ukakaushwa na jua, kama Trizah alivyokuwa akiwafundisha wanawake wa kituo. Aliuweka mezani.

"Nusa."

Gedion alinusa. "Hakuna kitu, Mama."

"Hakuna kitu!" Mama Jeruto aliwageukia wenzake. "Nimeishi miaka yote hii nikapata mtoto wa kusifu hakuna kitu."

Lakini alikuwa anatabasamu, na tangu siku hiyo hakuna mkaguzi aliyekuwa mkali katika Molo yote kuliko yeye. Ushirika ulimchagua katika kamati ya ubora, na wapo hapa leo waliorudishiwa mikebe naye mara nyingi kuliko walivyorudishiwa na mwanawe.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya Gedion ajulikane nje ya Nakuru. Kila mkebe uliandikwa alama ya mwenyewe. Katika kila kituo waliteuliwa wapimaji wawili wa kijiji hicho hicho, wakafundishwa kunusa, kutazama na kupima kabla maziwa hayajachanganywa. Aliyerudishiwa aliambiwa sababu palepale, kwa lugha anayoielewa, na mpimaji alimtembelea nyumbani kuona anakamulia nini na anaoshea wapi. Maziwa masafi yakaanza kupata bei ya juu kuliko mengine. Gedion aliwachukua wanawake wa Kapsoiyo kwa basi hadi Nakuru waone maziwa yao yanakokwenda. Mama Jeruto alionja yogati ya stroberi, akafikiri, akamuuliza Bwana Obura, "Na hii ndiyo inakataa moshi?"

Kufikia mwisho wa mwaka 2012, njia ya Molo iliyokuwa ifungwe ndiyo iliyotengeneza yogati yote ya kiwanda. Maziwa ya njia nyingine yalitiwa kwenye pakiti mpaka nazo zilipoufuata utaratibu ule. Malori ya kugeuzwa langoni yakawa hadithi. Mwaka 2014 kiwanda kimoja cha krispi, kilichokuwa kikilia kwamba viazi vya Molo vinakuwa vyeusi vikikaangwa, kilimwomba ushauri. Gedion aliwapeleka mashambani, akawaonyesha viazi vilivyong'olewa vichanga kwa sababu bei imepanda, na vingine vilivyoachwa nje kwenye baridi vikingoja lori. "Mashine yenu haina kosa," aliwaambia. "Malighafi ikiingia mbovu, kiwanda hakina muujiza." Maneno hayo yamebandikwa ukutani mwa kiwanda hicho. Alifundisha wapimaji kutoka Njoro, Olenguruone na Naivasha, na mara kadhaa alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa chuo. Hakuwahi kuzungumza bila kueleza habari za mkebe wa kwanza, na hakuwahi kuzieleza bila kusema kwamba mwenye mkebe ndiye mwanamke msafi kuliko wote aliowahi kuwajua.

Nyumbani alikuwa baba mpole na mwenye mzaha. Hakuwahi kumpiga mtoto. Adhabu yake kali ilikuwa kumkalisha mkosaji mezani na kumuuliza, "Shida ilianzia wapi?" mpaka mtoto mwenyewe aifuate na kuifikia. Elkana anasema kiboko kingekuwa kifupi zaidi. Katika kanisa lake la Nakuru alikuwa mzee wa kanisa tangu mwaka 2010 na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambako alirudisha lori la mchanga uliochanganywa na udongo, fundi akalia, na ukuta ukasimama. Bado umesimama.

Mwezi wa Januari 2022 Gedion alianza kuchoka upesi, na madaktari wakagundua kwamba moyo wake umepanuka. Aliupokea ugonjwa kama alivyozipokea kazi zote, kwa kutaka kujua ulikoanzia, na aliwauliza madaktari maswali mengi. Familia ingependa ieleweke kwamba hakuondolewa kazini. Alistaafu kwa hiari yake tarehe 31 Desemba 2023, kwa ushauri wa daktari, na kiwanda kilimfanyia sherehe ambayo wengi wenu mlihudhuria. Nafasi yake ilichukuliwa na Trizah, kama alivyokuwa amependekeza.

Alilazwa hospitalini mjini Nakuru tarehe 20 Oktoba 2025. Hata huko hakuacha. Asubuhi moja alipoletewa chai alimwambia muuguzi kwa upole, "Sista, haya maziwa yamechemshwa mara ya pili."

"Mzee, kunywa. Hapa si kiwandani."

"Najua. Kiwandani yangerudi."

Muuguzi alicheka, naye Gedion akanywa kikombe chote, kama mgeni mwema. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira. Alifariki Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na mkewe na binti yake Zeddy kando yake. Alikuwa amemaliza kuomba. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mkewe, Linah Nasimiyu Kigen; watoto wake, Zeddy Cheruto, Elkana Kigen na Milcah Jepkemei; mkwewe, Bwana Oduor, mume wa Zeddy; na mjukuu mmoja, Gedion mdogo. Ameacha mamake, Mama Rael Jeruto. Ndugu na dada zake watano, wakiongozwa na kaka yake mkubwa Kipkoech, ambaye anawasomea haya. Shemeji, wapwa na mabinamu wengi. Wafanyakazi wenzake wa Bonde Jipya. Na wakulima wa Kapsoiyo, ambao tangu habari zilipotoka hawajauacha uwanja wa nyumba hii.

Neno moja la shukrani kwao. Tangu Jumamosi iliyopita wameleta maziwa ya chai ya waombolezaji kila asubuhi, bila kuombwa. Siku ya kwanza mtu aliifungua mikebe na kuanza kumimina sufuriani. Mama Jeruto aliinuka kwenye kiti chake akasema ngoja. Akasimama langoni pamoja na Trizah, na tangu hapo kila mkebe umefunguliwa na kunuswa kabla ya kuingia. Siku ya Jumatano walirudisha mmoja. Ulikuwa wa mwenyekiti wa ushirika, Bwana Kiplangat, ambaye ametupa ruhusa ya kulitaja jina lake.

"Mama Jeruto," alimwambia, "hata kwa matanga?"

"Hasa kwa matanga," alijibu. "Haya ni ya Kimutai."

Bwana Kiplangat aliubeba mkebe wake akarudi nyumbani nao, akauosha, akauleta tena Alhamisi ukiwa na maziwa mapya. Ulipokelewa. Chai mtakayopewa baada ya mazishi imetengenezwa kwa maziwa hayo na ya wenzake, na familia inawakaribisha nyote mnywe.

Mungu Mwenyezi amlaze Gedion Kimutai Kigen kwa amani katika udongo huu wa Kapsoiyo, na ampe pumziko jema.